Barua Mguuni mwa Ndege

Siku moja, katika darasa letu la kisomo, mzee mmoja alitusimulia habari iliyotusikitisha. Miaka ya nyuma mwanawe alimpiga ndege mdogo kwa manati karibu na zizi la ng'ombe. Walipomwokota walimkuta ana pete mguuni. Pete yenyewe ilikuwa nyembamba, ya madini meupe kama sufuria, na ilikuwa na maandishi madogo.

Majirani wakajaa. Mmoja akasema, "Huyo katumwa." Mwingine akasema, "Mtupeni haraka, msituletee balaa hapa." Basi ndege akatupwa chooni, pamoja na pete yake.

Tukamwuliza, "Mzee wetu, pete ile iliandikwaje?"

Akajibu, "Mwalimu, wakati ule nilikuwa sijui kusoma. Ingekuwa leo ningeisoma."

Ndugu wasomaji, pete ile haikuwa hirizi. Ilikuwa kama barua. Labda ilitoka mbali sana, katika nchi za baridi za kaskazini ya dunia. Leo tutaeleza barua za namna hiyo zinatoka wapi, nani huziandika, na wewe uliyehitimu kisomo ufanye nini siku ukiipata.

WAGENI WANAOKUJA NA MVUA

Kila mkulima anawajua mbayuwayu. Wengine ni wa hapahapa kwetu. Wengine ni wageni. Kuanzia mwezi wa Septemba na Oktoba, wageni hao huonekana wengi. Wanaruka chini chini juu ya mashamba na malisho, wakikamata nzi, mbu na kumbikumbi. Ifikapo Aprili, wengi hawaonekani tena.

Kwenye malisho ya majani mafupi huja mgeni mwingine. Ni ndege mdogo anayesimama wima juu ya jiwe au kichuguu. Akishtuka huruka chini chini, nawe unaona mgongo wake juu ya mkia ni mweupe pe! Kila kabila lina jina lake. Katika makala haya sisi tutamwita Kiuno-cheupe.

Watu wa pwani nao wana wageni wao. Maji ya bahari yakipwa, makundi ya ndege wadogo hukimbia juu ya matope, wakichomachoma kwa midomo wakitafuta vidudu. Wenyeji wengi huwaita vitwitwi. Kwenye delta ya mto Rufiji hufika kwa maelfu. Yumo mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Kwetu huyo ni wa rangi ya kijivu. Lakini anapokaribia kuondoka, manyoya yake huanza kugeuka rangi ya udongo mwekundu. Ile ni nguo yake ya harusi. Harusi yenyewe hafanyi hapa. Anaifanya Siberia, kaskazini kabisa mwa nchi ya Urusi.

NCHI AMBAKO JUA HALICHWI

Huko kaskazini ya mbali kukoje?

Tukichukua chungwa tukalizungusha, tunaweza kuelewa. Dunia ni mviringo kama chungwa, nayo inazunguka imeinama kidogo. Sisi tunakaa katikati, karibu na ukanda wa Ikweta. Kwa hiyo kwetu mchana na usiku karibu ni sawa mwaka mzima. Lakini kule juu, kwenye ncha, mambo ni tofauti. Dunia inapoinamisha ncha ile kwenye jua, jua halichwi. Inapoiinamisha upande wa pili, jua halionekani kabisa.

Chukua mfano wa mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka mwisho wa Julai, jua halizami. Saa 6 ya usiku unaweza kusoma gazeti hili nje bila taa. Kisha, kuanzia mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, jua halichomozi. Mtu wa Tromsø anakwenda kazini gizani na kurudi gizani.

Ukizidi kwenda kaskazini, miti hupungua kimo, halafu inakwisha. Inabaki nyika tupu ya majani mafupi, kuvumwani na vichaka visivyofika goti. Nyika hiyo huitwa tundra. Chini yake ardhi imeganda kama barafu miaka nenda miaka rudi. Wakati wa joto huyeyuka tabaka la juu tu. Sasa fikiri: theluji inayeyuka, lakini maji hayawezi kuzama chini kwa sababu chini ni barafu. Basi yanatuama. Nchi nzima inakuwa madimbwi na vinamasi.

Wewe mkulima wa mpunga unajua madimbwi huzaa nini. Mbu! Kule mbu hutoka kama moshi. Hawaambukizi malaria, lakini wanauma watu na wanyama mpaka wanyama wanakimbilia penye upepo.

Watu pia wapo. Wasami wanaishi kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na Urusi. Wanenets wanaishi Siberia. Baadhi ya watu wa makabila hayo tangu zamani ni wafugaji. Wanafuga mnyama wa jamii ya kulungu aitwaye renidia, mwenye manyoya mazito na pembe zenye matawi. Huhama naye kufuata malisho, kama wafugaji wetu wanavyohama kufuata mvua. Waeskimo wa Kanada na Grinilandi, ambao wenyewe hujiita Inuit, zamani waliishi zaidi kwa kuvua na kuwinda.

KWA NINI NDEGE WASIKAE HUKOHUKO?

Mwanakisomo mmoja alituuliza swali zuri. Alisema, "Ndege akishafika kwetu penye joto na chakula, anarudi kwenye barafu kutafuta nini?"

Jibu ni hili: anakwenda kulea watoto. Makinda yanakua upesi, na yanataka wadudu wengi kila siku. Kule kaskazini, kwa wiki chache, wadudu ni tele kupita kiasi. Tena mchana hauishi, kwa hiyo wazazi wana saa nyingi mno za kutafuta chakula. Nafasi ya kujenga viota nayo ni kubwa. Ni kama shamba jipya ambalo halijavamiwa na majirani.

Lakini neema hiyo ni fupi. Mwezi wa Agosti baridi inaanza kurudi. Wadudu wanakufa au wanajificha. Maji yanaganda, na ndege wa matope hawezi kuchoma barafu kwa mdomo. Kwa hiyo kinachomfukuza ndege huyu hasa ni njaa kuliko baridi. Hangoji njaa ifike. Mchana unapoanza kufupika, mwili wake unajua. Anakula sana, ananenepa, kisha anaondoka.

Hata huko kwenye neema kuna adui. Katika tundra wanaishi panya wadogo wenye mikia mifupi. Kila baada ya miaka 3 au 4 huzaliana wakawa wengi sana, halafu hupungua ghafla. Wakiwa wengi, mbweha wa huko wanashiba panya na wanawaacha ndege. Panya wakipungua, mbweha wanageukia mayai na makinda. Mwaka kama huo, vitwitwi wachanga wanaofika Afrika huwa wachache. Jambo la ajabu: panya wa Siberia anaathiri ndege wa Rufiji!

SAFARI YA KIUNO-CHEUPE

Turudi kwa Kiuno-cheupe. Ndege huyu ana uzito wa gramu 25 hivi. Huo ni karibu nusu ya uzito wa yai la kuku.

Baadhi yao huzaliwa Alaska, jimbo la Marekani lililo kaskazini-magharibi kabisa. Wataalamu waliwakamata huko ndege kadhaa na kuwafunga mgongoni kifaa kidogo chenye uzito usiofika gramu 2. Kifaa hicho kilikuwa kinaandika jua linachomoza na kuzama saa ngapi. Kwa kuwa kila mahali duniani pana saa zake za macheo na machweo, mtaalamu aliweza kupiga hesabu na kujua ndege alikuwa wapi. Ndege wachache walipokamatwa tena, vifaa vyao vilisomwa. Habari ikatolewa mwaka 2012.

Hesabu ilionyesha hivi. Ndege wale waliondoka Alaska mwezi wa Agosti. Walivuka bahari kuingia Siberia, wakapita Asia ya kati na Uarabuni, wakaingia Afrika Mashariki. Walikwenda kilomita 14,500 hivi kwa muda wa siku 91. Ni kama mtu atoke Dar es Salaam mpaka Mwanza kwa njia ya barabara, tena safari hiyo airudie zaidi ya mara 12. Kurudi walikwenda mbio zaidi, siku 55 tu, maana anayechelewa kufika hukuta mahali pazuri pa kiota pameshachukuliwa.

Ndege huyu husafiri usiku, tena peke yake. Kinda aliyezaliwa Juni hana mzee wa kumwonyesha njia. Njia amezaliwa nayo. Ndege wa namna hii huongozwa na jua, na nyota, na nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira.

WATU WALIJUAJE?

Zamani hata watu wa Ulaya hawakujua ndege wao huenda wapi. Wako waliosema mbayuwayu hulala mafichoni mpaka baridi iishe. Hao walikuwa watu wenye elimu zao. Walikisia kwa sababu hawakuwa na ushahidi.

Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz huko Ujerumani, alipatikana korongo mweupe akiwa na mkuki umepita shingoni. Waliutazama mkuki, wakaona si wa kwao. Ulikuwa wa Afrika. Maskini ndege yule alichomwa huku kwetu Afrika, akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya! Mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock. Mkuki ule ndio uliokuwa barua ya kwanza. Ulisema: "Ndege huyu alikuwa Afrika."

Lakini hatuwezi kuchoma ndege mikuki ili tujue wanakokwenda. Mwaka 1899 mwalimu mmoja wa Denimaki, Hans Christian Mortensen, alipata njia nzuri zaidi. Alitengeneza pete nyepesi za alumini, akaandika namba tofauti juu ya kila pete, akawavisha ndege miguuni na kuwaachia. Akaweka daftari lenye namba zote. Mtu akipata ndege na kusoma namba, daftari linasema ndege huyo alivishwa lini na wapi.

Kazi hiyo sasa inafanyika duniani kote. Kwa jirani zetu Kenya, huko Ngulia katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, wageni wa kaskazini wamekuwa wakivishwa pete tangu mwaka 1969. Usiku wa ukungu ndege hupotea njia na kuvutwa na mwanga wa taa. Hukamatwa kwa nyavu laini, hupimwa, huvishwa pete na kuachiwa. Pete za Ngulia zimepatikana baadaye Urusi na Uarabuni.

Mnaona, ndugu zetu? Daftari peke yake halitoshi. Upande mmoja anatakiwa mtu wa kuandika. Upande wa pili anatakiwa mtu wa kusoma. Bila msomaji, barua haijafika.

NYUMBA MBILI, HATARI MBILI

Ndege mwenye nyumba mbili anaweza kupata hasara katika nyumba yoyote.

Kule kaskazini hali ya hewa inabadilika haraka. Tangu mwaka 1979 joto la kaskazini ya mbali limepanda karibu mara 4 zaidi ya wastani wa dunia. Sababu kubwa ni moshi wa makaa ya mawe, mafuta na gesi vinavyochomwa viwandani na katika magari. Theluji ikiyeyuka mapema, wadudu nao wanaweza kutoka mapema. Makinda yanapoanguliwa, karamu imeanza kwisha. Wafugaji wa huko wanaumia pia. Mwaka 2013 mvua ilinyesha juu ya theluji huko Yamal, Siberia, halafu ikaganda ikawa kama saruji. Renidia walishindwa kuivunja ili wafikie malisho. Walikufa makumi ya maelfu. Mfugaji yeyote wa kwetu aliyepitia ukame anajua uchungu wa kuona mifugo inalala moja moja.

Huku kwetu hatari ni nyingine. Vinamasi vinakauka kwa kulimwa ovyo. Sumu inanyunyizwa mashambani bila kipimo, wadudu wanakufa na walaji wao wanakufa pamoja nao. Na watoto wana manati.

Hapa tuseme wazi. Mkulima ana haki ya kulinda mtama na mpunga wake. Lakini amjue adui yake. Kwelea-kwelea ni ndege wa hapahapa Afrika. Hatoki kaskazini. Huyo ndiye mla nafaka, na makundi yake yakionekana kijiji kimwarifu bwana shamba. Kutega sumu mwenyewe ni hatari kwa watu, kuku na mifugo. Mbayuwayu na Kiuno-cheupe hawagusi nafaka yako. Wanakula wadudu. Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu anakuja na kusaidia kazi, wala hadai ujira.

UKIONA PETE, FANYA HIVI

1. Usiogope. Pete si uchawi. Wala ndege si mpelelezi. Mwaka 2013 huko Misri, korongo mmoja alipelekwa kituo cha polisi kwa kudhaniwa ni mpelelezi, kumbe alibeba kifaa cha wataalamu.

2. Usimwue ndege ili upate pete. Pete haiuzwi. Habari za ndege aliye hai ndizo nzuri zaidi.

3. Kama ndege ni mzima na amenaswa, mshike taratibu, soma pete, nakili, kisha mwachie nayo. Usiivue.

4. Kama amekufa, usimshike kwa mikono mitupu, maana ndege wengine hufa kwa ugonjwa unaoweza kumpata mtu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi. Ukimaliza nawa kwa sabuni. Usimle.

5. Andika herufi zote na namba zote kama zilivyo. Angalia sana 1 na 7, tena 6 na 9. Usishangae ukikuta maneno kama MOSKWA au HELSINKI. Hayo ni majina ya miji mikuu ya Urusi na Ufini. Macho yakishindwa, mwite kijana mwenye macho makali, au piga picha kwa simu.

6. Andika pia tarehe, jina la kijiji na wilaya, na namna ulivyompata ndege.

7. Peleka karatasi hiyo kwa afisa wanyamapori wa wilaya. Kama yuko mbali, mpe bwana shamba au mwalimu akusaidie kuifikisha.

Yule mzee wa darasani kwetu sasa ana daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe aliyowaona mbayuwayu wageni kwa mara ya kwanza mwaka huo. Mwandiko umepinda kidogo, lakini unasomeka. Pete nyingine bado hajaipata. Mwanawe amemwambia manati aiache, naye kijana ameiacha, ingawa alinuna siku mbili.

Tulimwuliza, "Na isipopatikana pete nyingine?"

Akasema, "Hata isipopatikana, mimi nitawaandika hao waliokuja. Zamani walikuwa wanapita tu."

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni ndege gani huonekana kijijini kwenu kwa miezi fulani tu? Wanaitwaje kwa lugha yenu? Hufika mwezi gani na kuondoka mwezi gani?

2. Kwa nini ndege anayeshiba Afrika hurudi kaskazini kila mwaka?

3. Je, kijijini kwenu kuna kinamasi au bwawa linalokauka? Nani anapata hasara linapokauka?

4. Kila mwanakikundi aandike barua fupi ya kutoa habari za pete. Namba iwe ya kubuni. Asisahau tarehe, kijiji na wilaya. Kisha mbadilishane na kusomeana.